Dole la Masizi

Wiki iliyopita tulimwacha Mbuke uani kwa marehemu shangazi yake, kijijini Solwa, sinia la wali wa msiba mikononi, akitazama mahali alipokuwa ameegesha gari. Gari halipo. Na watu waliokaa kuzunguka mahali hapo wanacheka.

Wewe uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, labda kwa ajili ya matokeo ya mpira, nitakusaidia haraka maana hatuna muda. Gari lenyewe ni Land Cruiser VX, hilo ambalo watu wa mjini wameanza kuliita shangingi. Si jipya. Lilitumika miaka mitano katika mradi wa maji wa wazungu, mradi ukafunga virago, gari likaishia dukani kwa Liaquat, muuza vipuri wa Shinyanga mjini. Mbuke, au Mama Nelly, mjane wa miaka thelathini na minne mwenye duara lake, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kule Mwakitolyo, alilinunua Alhamisi. Nusu ya bei ilikuwa dhahabu yake. Nusu ya pili ilikuwa ng'ombe mia moja na kumi wa baba yake, Mzee Luhende, waliouzwa mnadani hadi zizi likabaki na mwangwi.

Jumatatu saa mbili asubuhi gari linatakiwa liwe limesimama Geita, mbele ya kampuni ya watafiti wa dhahabu, likaanze kazi ya kukodiwa mwaka mzima. Likikosekana saa hiyo, kazi anapewa mwingine. Leo ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Sasa turudi uani.

"Gari liko wapi?" Mbuke aliuliza.

"Tulia, Mama Nelly," alijibu jirani mmoja, Zipora, akifuta machozi ya kicheko kwa upindo wa khanga. "Mtani kalichukua."

"Mtani gani?"

"Si yule Mzaramo. Kajipaka masizi uso mzima, kajifunga khanga ya marehemu, kabeba mwiko kama bunduki. Kasema gari lililoanza kazi kwa kubeba maiti lina mkosi, ninyi wafuga ng'ombe hamliwezi, analipeleka kwao Kisarawe likabebe korosho. Kamwambia baba yako, niuzie. Baba yako kasema, chukua. Halafu kacheka. Tangu jana hajafungua kinywa yule mzee, leo kacheka."

Mbuke akashusha pumzi. Ni kweli gari lilianza kazi kwa maiti. Shangazi Limi alikata roho Ijumaa alfajiri, na safari ya kwanza ya VX ikawa kumtoa hospitali kumleta nyumbani. Maneno kama hayo kwenye msiba wa Wasukuma yanatoka kwa mtani tu. Mtani anachukua atakacho, anatukana apendavyo, jioni anakombolewa kwa mbuzi, maisha yanaendelea.

"Mbuzi wa kumkomboa mtamtoa ninyi mliocheka," Mbuke akasema, naye akatabasamu, akaendelea kugawa wali.

Nampenda sana Mbuke, lakini hapo alinikera. Dakika kumi nzima aligawa wali.

Dakika ya kumi na moja, Mzee Kondo Pazi aliingia uani akikokota baiskeli yenye tairi lililopasuka. Mzee Kondo ni mstaafu wa reli, yuko Shinyanga mwaka wa thelathini sasa, na kwenye misiba ya Solwa hakuna Mzaramo mwingine. Kanzu yake ilikuwa safi. Uso wake ulikuwa safi.

"Shikamoo babu," Mbuke alisema. "Umeshanawa mara hii? Gari umelificha wapi? Mbuzi wako yupo."

"Marahaba. Gari gani?"

"Babu, utani umetosha."

"Utani sijauanza bado. Ndiyo kwanza nafika, pancha imenikamata kule Salawe tangu saa sita." Akawatazama watu waliokuwa wanacheka. "Nyie mnacheka nini? Kama kuna Mzaramo mwingine hapa nionyesheni, nimsalimie kwa lugha ya kwetu."

Kicheko kilikatika. Zipora aliweka mkono mdomoni na hakuutoa.

Mbuke alimkuta baba yake amekaa kwenye kigoda chake, kati ya wazee wenzake. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa cheusi.

"Baba, yule mtu ulimpa nini?"

"Nilimpa dole," Mzee Luhende alijibu. "Alileta karatasi. Alisema tuandikiane kama watu wa mjini. Wino hakuna, akakomba masizi kwenye sufuria, akanipaka. Watu wakacheka. Nami nikacheka, ng'wanone, mwanangu."

"Karatasi ilikuwa imeandikwa?"

"Ilikuwa na maandishi. Mimi najuaje yalisema nini?"

"Na ufunguo?"

Mzee akamgeukia mwanawe wa kiume. Mnamkumbuka Nkwabi, kijana wa miaka ishirini na saba, yule aliyegoma kula siku ng'ombe walipotolewa zizini. Yeye ndiye aliyepewa ufunguo alinde gari.

"Ulikuwa kwenye koti," Nkwabi alisema. "Koti nililiacha kwenye kiti nikaenda kubeba maji."

Alisema hivyo akitazama chini. Mbuke hakuwa na muda wa kutazama alikokuwa anatazama, maana kichwani mwake kulikuwa kumeingia kitu kingine. Alihesabu. Mjini hadi hospitali, hospitali hadi Solwa, Solwa hadi makaburini na kurudi.

"Haendi mbali," alisema.

"Nani?" Nkwabi aliuliza.

"Huyo mwizi. Haendi mbali."

Alhamisi ile dukani, Mzee Luhende hakutazama rangi ya gari wala redio yake. Alilizunguka mara mbili, akalipiga ubavuni kwa kiganja, akainama kutazama miguu, yaani matairi, kisha akauliza swali linaloulizwa mnadani kabla kamba ya ng'ombe haijabadili mikono. "Sema ila zake."

Muuzaji mwingine angesema halina ila. Liaquat amezaliwa Shinyanga, amekua akisikia swali hilo nje ya duka la baba yake kila siku ya mnada, na anajua kwamba anayeficha ila ya ng'ombe hauzi tena katika nchi ile. Alivua miwani. "Mzee wangu, ziko mbili. Mlango wa nyuma wa kushoto haufunguki kwa ndani. Na geji ya mafuta inadanganya. Ikifika nusu inakwama. Tangi linaweza kukauka kabisa, yenyewe bado inakwambia nusu."

Mzee alilipenda jibu hilo kuliko gari lenyewe. Biashara ikaisha palepale. Nkwabi siku hiyo alikataa kwenda mjini, kwa hiyo ila hizo walizijua watu watatu tu. Mbuke alikuwa ameweka dumu la dizeli nyuma ya mlango wa shangazi, kwa safari ya kesho yake.

Alilinyanyua dumu.

"Babu, unakuja?"

"Mtu amechafua jina langu," Mzee Kondo alisema, akiitupa baiskeli yake ukutani. "Siji namna gani?"

Walisimamisha lori la pamba lililokuwa linaelekea mjini. Dereva alikuwa mbishi, hakutaka abiria, lakini Mbuke alikuwa ameshapanda na dumu lake juu ya magunia, akamnyooshea mkono Mzee Kondo. Lori likaondoka. Pamba ilikuwa inawaingia puani, jua likiwapiga kisogoni, na kila kilima Mbuke alisimama akishika kamba ili aone mbele.

"Kaa, mjukuu wangu, utaanguka."

"Babu, kwenye lile gari wamo ng'ombe wote wa baba yangu."

"Najua."

"Nilimwambia mimi mwenyewe auze. Alikuwa hataki. Alisema ng'ombe akiumwa unamwona, gari likiumwa linakutazama tu. Nikamwambia niamini."

Mzee Kondo alimshika gauni kwa nyuma asidondoke.

Baada ya vijiji vinne waliliona. VX jeupe limesimama kando ya kalavati, boneti juu. Mwanamume mmoja amekaa juu ya kingo za kalavati, khanga ya marehemu Limi mapajani, ananawa uso kwa maji ya chupa. Masizi yalikuwa yanamtiririkia shingoni.

Mbuke aliruka kabla lori halijasimama vizuri. Mtu yule akainua uso, na sasa ulikuwa uso wenyewe, si masizi. Mbuke akamtambua. Eustace. Dalali wa magari wa mjini. Alhamisi alikuwapo dukani kwa Liaquat, akilitaka gari hilohilo kwa niaba ya tajiri mmoja wa tumbaku kutoka Ushetu, akiomba angojewe wiki moja. Liaquat hakumngoja, naye akaondoka kabla ila za gari hazijatajwa.

Nilitegemea akimbie. Nawe msomaji ulitegemea hivyo. Mbuke alikuwa ameshachagua jiwe.

Eustace alisimama, akajikung'uta suruali.

"Shikamoo mzee," alimsalimia Mzee Kondo kwa adabu zote. Kisha akamgeukia Mbuke. "Dada, naona umekuja na mafuta. Geji inasema nusu, sijui limepatwa na nini. Tia basi, twende."

"Twende wapi, mwizi wewe?"

"Polisi," Eustace alisema. "Kama usingekuja, ningekwenda peke yangu."

Mbuke alikaa na jiwe mkononi, hajui alifanyie nini. Mtu unayemwita mwizi akikuongoza mwenyewe polisi, kuna kitu anakijua ambacho wewe hukijui. Hofu iliyompata pale kalavatini ilikuwa kubwa kuliko ile ya uani, na hakuona aibu kumwambia Mzee Kondo.

"Babu, naogopa."

"Na mimi," mzee alisema. "Tia mafuta."

Akatia. Dizeli ikikauka upepo huingia kwenye mabomba, kwa hiyo akaikamata pampu ya mkono juu ya filta, akaisukuma mpaka ikawa ngumu, kama Liaquat alivyomwonyesha. Gari likakohoa mara tatu, likawaka. Mbuke alimweka Eustace nyuma, upande wa kushoto, kwenye mlango usiofunguka kwa ndani. Eustace aliingia bila ubishi, akafunga mkanda.

Kituo cha polisi kilikuwa kilometa tatu mbele, vyumba viwili na bendera. Mkuu wake, Sajenti Philomena, ni Mnyaturu wa Singida, mwanamke wa maneno machache anayeandika taratibu kwenye daftari kubwa. Aliwasikiliza wote wawili. Aliuchukua ufunguo wa gari, akauweka juu ya meza katikati.

"Gari ni la nani?"

"Letu, afande," Mbuke alisema, akatoa hati ya mauziano ya Liaquat.

Sajenti aliisoma. "Hapa pameandikwa Luhende. Si wewe."

"Ni baba yangu. Mimi ndiye niliyemwambia Liaquat aandike hivyo. Mzee katoa ng'ombe wake, haikuwa heshima jina langu litangulie."

"Sawa. Na wewe?"

Eustace alitoa karatasi mfukoni, akaifungua kwa uangalifu. Mistari mitano ya kalamu, na chini yake alama ya kidole gumba, nyeusi, imeenea vizuri. Karatasi ilisema kwamba Luhende wa Solwa amemuuzia Eustace gari, na kwamba hamdai tena.

"Huo ni utani, afande," Mbuke alisema. "Alijifanya mtani wetu msibani. Alijipaka masizi."

"Kujipaka masizi ni kosa chini ya sheria gani, afande?" Eustace aliuliza kwa upole. "Nilikwenda kuhani, nikachangamsha waliofiwa. Biashara ni biashara. Watu mia mbili walimsikia mzee akisema chukua."

Mzee Kondo alikuwa amejizuia kwa muda mrefu.

"Afande, naomba niseme. Utani una kanuni zake. Mtani akishika kitu msibani, hakitoki kijijini. Anakishika, anatukana, anakombolewa, anakula, anakwenda kulala. Huyu kavuka vijiji vinne. Tena kule Solwa mtani ni mimi, naye simjui."

"Watani ninao na mimi," Sajenti alisema. "Nazijua kero zao." Hakucheka. "Lakini dole si langu wala si lenu. Mwenye dole aje aseme."

Hakukuwa na haja ya kumtuma mtu. Kabla ya saa kumi na mbili Mzee Luhende alifika mwenyewe, akiulizia VX jeupe njia nzima, amekaa kwenye kikalio cha nyuma cha baiskeli, Nkwabi akikanyaga pedeli kifua kikimpanda na kushuka. Mtu aliyekuwa na ng'ombe mia moja na kumi wiki tatu zilizopita, analetwa polisi kwa baiskeli ya kuazima. Mbuke alitaka kulia, akaona si wakati wake.

Sajenti alisimama. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mayu," mzee alijibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Keti. Dole hili ni lako?"

Mzee aliitazama karatasi kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta alama ya ng'ombe wake katika kundi la ng'ombe wa watu wengine. "Ni langu."

"Ulimuuzia gari huyu?"

"Alinitania, nami nikamtania. Dada yangu alikuwa amelala kaburini saa moja tu. Nilimshukuru mtu aliyenichekesha."

"Kwa hiyo ulikuwa utani."

"Ulikuwa utani."

Mzee Kondo akasema alhamdulillahi. Sajenti alifunga daftari nusu, akamtazama Eustace. Kwa hesabu zangu hapo mambo yalikuwa yamekwisha. Ufunguo ulikuwa mezani, Geita iko palepale, kesho Jumapili ni siku nzuri ya kusafiri.

"Afande," Eustace alisema, "igeuze karatasi."

Sajenti akaigeuza. Nyuma kulikuwa na mistari miwili, kwa mwandiko mwingine. Aliisoma kwa sauti, bila kuharakisha.

"Nimepokea malipo yote ya gari kwa niaba ya baba yangu. Nkwabi Luhende." Akainua macho. "Ina sahihi. Ina tarehe ya jana."

"Utani gani huo, afande, wenye stakabadhi ya jana yake?" Eustace aliuliza.

Wote walitazama mlangoni. Nkwabi alikuwa bado ameshika baiskeli, nusu nje, nusu ndani.

Mbuke aliona kila kitu kwa mara moja. Koti juu ya kiti. Macho yaliyotazama chini. Akamkabili mdogo wake kwa Kisukuma, harakaharaka, kwa sauti ndogo.

"Alikupa nini?"

"Hajanipa bado," Nkwabi alijibu kwa Kisukuma hichohicho. "Kaniahidi ng'ombe arobaini. Wako Ushetu, wamefungwa, wananingoja."

"Arobaini wa nini?"

"Unaniuliza wa nini? Katika wale mliouza, arobaini walikuwa mahari yangu. Baba alisema mbele ya wazee. Mkwe amengoja miaka miwili. Mwezi ukiisha binti anaolewa na mwingine, mimi nimebaki na harufu ya gari lako."

Sajenti alipiga meza kwa kiganja. "Hapa ni Kiswahili."

Mnyaturu yule hakuwa ameelewa neno. Mzee Luhende alikuwa ameelewa yote.

"Nitawaambia mara moja," Sajenti alisema, "na mnisikilize. Kama fedha zilipokelewa, gari limeuzwa, ni la huyu, aondoke nalo. Kama hazikupokelewa, basi karatasi hii ni ya uongo mbele na nyuma, na waliokubaliana kuiandika ni wezi. Wote wawili wanapita mlango ule." Akaonyesha mlango wa chuma nyuma yake. "Kijana, njoo hapa. Ulipokea au hukupokea?"

Nkwabi aliiacha baiskeli ikaanguka. Alikuja hadi mezani. Alifungua mdomo. Eustace alikuwa anamtazama kwa utulivu wa mtu aliyeshamfundisha mwanafunzi jibu.

"Usimuulize huyo," Mzee Luhende alisema. "Muulize mwenye gari."

"Mzee, sahihi ni yake."

"Aliandika kwa sababu mimi sijui kuandika. Fedha nilipokea mimi. Kwa mkono wangu."

Mbuke alidhani amesikia vibaya.

"Mzee," Sajenti alisema taratibu, "sasa hivi tu umeniambia ulikuwa utani."

"Nilisema hivyo. Nimezeeka, mayu. Sasa nasema hivi."

Miaka sitini na minane Luhende ameishi Solwa, na hakuna aliyewahi kumsikia akitoa neno na kulirudisha. Watu walimwachia ng'ombe wao awatunzie kwa sababu hiyo tu. Leo ameligeuza mbele ya askari, mbele ya mtani wake, mbele ya binti yake, na uso wake haukubadilika. Alikuwa amepima mtoto wa kiume nyuma ya mlango wa chuma na gari mikononi mwa dalali, akachagua.

"Babaa," Mbuke alisema.

Mzee aliendelea kutazama ufunguo mezani.

Eustace alinyanyuka kwa adabu, akanyoosha mkono kuchukua ufunguo. Kiganja cha Sajenti kikatua juu ya ufunguo kwanza.

"Kaa chini. Nimekwambia uondoke?" Akamgeukia Mbuke, na kwa mara ya kwanza sauti yake ililegea kidogo. "Dada, mimi si mjinga. Naona kinachofanyika chumbani mwangu. Lakini siandiki ninachokiona, naandika ninachoambiwa. Hati ni ya baba yako, naye anasema kapokea. Aliyebaki wa kukataa ni wewe. Nusu ya gari ni dhahabu yako, unayo haki ya kulalamika. Ukilalamika, nakukabidhi gari kwa dhamana usiku huuhuu, Jumatatu uko Geita. Lakini nikishaandika, simwachi mtu. Huyu anaingia, na huyu anaingia. Na mzee, kwa kuwa amesema alichosema, anaingia nao."

"Na nisipolalamika?"

"Mnarudi nyumbani kwa baiskeli."

Mzee Kondo alianza kusema kitu, akaacha. Mambo ya ndani ya nyumba hayana mtani.

Mbuke alisimama katikati ya chumba kile, na mimi sitamsingizia kwamba aliwaza mema matupu. Alimwaza baba yake kwanza. Halafu akawaza alivyoolewa akiwa na miaka kumi na saba kwa ng'ombe thelathini, na kwamba zizi lile lote lilizaliwa na thelathini hao. Akawaza duara lake, miaka sita ya vumbi, wanaume wakimcheka kwamba mwanamke hachimbi. Akawaza jina alilokataa kuliandika kwenye hati kwa heshima, na heshima hiyo sasa imekaa mezani inamnyang'anya gari. Baba yake alikuwa na watoto wawili mle ndani. Alikuwa amemwokoa mmoja, na hakugeuka kumtazama wa pili. Hilo ndilo lililomuuma. Alimpenda mzee yule kuliko mtu yeyote aliye hai, na saa ile alimchukia.

"Nauliza mara moja tu," Sajenti alisema, akalifungua daftari, akatupa macho kwenye saa ya ukutani na kuandika muda. "Baba yako amesema kweli, au amesema uongo?"

"Dada," Nkwabi alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Mbuke hakumtazama. Alivuta kiti, akakaa mbele ya meza, akaweka mikono yake miwili juu yake.

"Andika, afande."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba baba yangu amesema uongo."

Kalamu ya Sajenti ilianza kwenda. Mzee Luhende hakulalamika, wala hakumlaani binti yake. Aliinama polepole kwenye benchi, akaanza kuvua makatambuga yake, la kulia kwanza, kisha la kushoto, akayapanga pamoja ukutani, maana alikuwa amesikia kwamba watu hawaingii mle ndani na viatu.